Mbunge Aliyechekwa na Bunge

(Haya ni maneno ya hotuba iliyosomwa katika kikao cha elimu ya uraia. Tunayachapa jinsi yalivyosemwa, ili na wale ambao hawakuweza kufika wapate kuyapima.)



Nimeombwa nizungumze juu ya Bunge, mazingira na kawi. Ningeweza kusimama hapa nikawasomea majina ya sheria na nambari zake mpaka jua litue, nanyi mngerudi nyumbani mmechoka na hamna mlichobeba. Kwa hiyo nimeamua kuifuata safari ya mtu mmoja, marehemu Profesa Wangari Maathai, aliyekuwa mbunge wa Tetu. Nimemchagua kwa sababu yeye aliliona Bunge letu kutoka pande tatu. Mwaka wa 1982 aliliona kama mlango uliofungwa usoni pake. Mwaka wa 1989 aliliona kama baraza la kumdhihaki. Na kati ya mwaka wa 2002 na 2007 aliliona akiwa ndani, ameketi katika Bunge lile lile alilozuiwa kuingia miaka 20 kabla. Mwenye kutaka kujua Bunge hili limetoka wapi, na bado lina deni gani kwetu, na afuate nyayo hizo.

Sikuja kumfanya malaika. Wapenda mageuzi tumekwisha kuumizwa na desturi ya kuwaimba viongozi. Nitasema aliposhinda, na nitasema pia pale ambapo mwananchi maskini alikuwa na haki ya kumuuliza swali.

MLANGO ULIOFUNGWA

Mnakumbuka mwaka wa 1982. Mwezi wa Juni mwaka huo Katiba iliongezwa kifungu cha 2A, na kwa kifungu hicho nchi ikawa ya chama kimoja kwa sheria. Katika mwaka uo huo Wangari Maathai, mhadhiri wa chuo kikuu na mwenyekiti wa Baraza la Kitaifa la Wanawake, alitaka kugombea kiti cha ubunge katika uchaguzi mdogo huko Nyeri. Alikuwa mwanamke wa kwanza katika Afrika Mashariki na ya Kati kupata shahada ya uzamifu. Alikuwa amekwisha kuanzisha Harakati ya Ukanda wa Kijani, ambayo mwanzo wake ulikuwa miti saba tu iliyopandwa Nairobi tarehe 5 Juni 1977.

Sheria ilimtaka ajiuzulu kazi kabla ya kugombea, naye akajiuzulu. Kisha akaambiwa kwamba hawezi kugombea kwa kuwa hakuandikishwa ipasavyo kuwa mpiga kura. Alikwenda mahakamani, akashindwa. Aliporudi chuoni kuomba kazi yake, akaambiwa nafasi imejazwa. Hivyo kwa muda wa siku chache mama huyu mwenye watoto akawa hana kiti, hana mshahara na hana nyumba.

Nalisema hili kwa vijana wanaodhani kwamba udikteta huja na bunduki tu. Mara nyingi huja na fomu. Huja na karani anayesema kwamba jina lako halimo daftarini. Bunge la chama kimoja halikuhitaji kuwapiga wote waliotaka kuingia. Lilihitaji tu kuwa na mlango mwembamba na bawabu mwenye kujua nani apite.

BUNGE LACHEKA

Bunge lililokaa mwaka wa 1989 lilitokana na uchaguzi wa mwaka wa 1988, ule wa mlolongo. Wananchi walipanga foleni nyuma ya mtu au picha yake, wakahesabiwa kama mifugo mnadani, na aliyetangazwa kupata zaidi ya asilimia 70 katika mchujo alipita bila ya kura ya siri. Wako waliokuwa na foleni ndefu wakatangazwa wameshindwa, na wenye foleni fupi wakatangazwa washindi. Mbunge aliyeingia kwa njia hiyo alijua vyema nani aliyempa kiti, naye hakuwa mpiga kura.

Katika mwaka huo wa 1989 ikajulikana kwamba jumba la ghorofa 60 lingejengwa ndani ya Bustani ya Uhuru, katikati ya Nairobi, liwe makao ya chama tawala na gazeti lake. Fedha nyingi zingekopwa ng'ambo. Wangari Maathai aliandika barua. Aliwaandikia wenye mradi, akaiandikia Ofisi ya Rais, akayaandikia mashirika ya kimataifa na mabalozi. Hoja zake zilikuwa nyepesi kueleweka: bustani hiyo ndiyo mahali ambapo mtu asiye na bustani yake nyumbani anaweza kuketi kivulini bila ya kulipa, na nchi yenye madeni haina haki ya kukopa tena kwa ajili ya fahari ya wakubwa.

Tarehe 8 Novemba 1989 Bunge liliacha shughuli zake likamjadili. Nawaomba mtazame jambo hili vizuri. Hawakuijadili gharama ya jumba. Hawakuuliza deni lingelipwa na nani. Walimjadili mwanamke aliyeuliza. Walihoji kwa nini anawaandikia wageni, wakawacheka wanawake wa harakati yake kwamba ni kundi la wanawake walioachika. Baraza la kutunga sheria za Jamhuri lilikaa, kwa mshahara wa mlipa kodi, likachambua ndoa ya raia.

Alikwenda tena mahakamani, mwezi huo huo. Mahakama Kuu ikaitupilia mbali kesi yake kwa hoja kwamba hakuwa na haki ya kushtaki, maana yeye binafsi hakudhurika kupita wengine. Maneno hayo yawekeni akilini, tutayarudia. Harakati yake ikatimuliwa kutoka ofisi ya serikali ikahamia nyumbani kwake. Lakini wakopeshaji wa ng'ambo walijitoa, mradi ukanywea, na mwaka wa 1992 uzio uliokuwa umezunguka sehemu ile ya bustani ukaondolewa. Mpaka leo mnaketi kwenye nyasi zile.

Basi wapo watakaosema: kama bustani iliokolewa bila ya Bunge, Bunge lina kazi gani? Nami nawajibu: mradi ule ulikufa kwa sababu wageni walikataa kutoa fedha. Je, wangekubali? Taifa linalotegemea huruma ya mkopeshaji ili kulinda mali yake lenyewe halijapata uhuru kamili. Tena si kila mradi uliokwama. Bwawa la umeme la Turkwel, ambalo mkataba wake ulitolewa bila ya zabuni ya ushindani, lilijengwa likakamilika mwaka wa 1991, na hapakuwa na Bunge lenye uhuru wa kuwaita wahusika na kuwauliza: kwa nini bei hii, na kwa nini kampuni hizi?

KUTOKA BARABARANI HADI BUNGENI

Sitarefusha habari za miaka iliyofuata, kwani wengi wenu mlikuwamo. Kifungu cha 2A kilifutwa Desemba 1991. Mwezi wa Februari 1992 akina mama wa wafungwa wa kisiasa walikaa mgomo wa kula katika ile pembe ya Bustani ya Uhuru tunayoiita Pembe ya Uhuru, na Wangari Maathai alikuwa pamoja nao. Walipigwa, wakafukuzwa, wakaendelea na mgomo wao kanisani, na baadaye vijana wao wakaachiliwa. Mwaka wa 1997 aligombea urais na ubunge kwa pamoja, akashindwa vyote viwili. Tarehe 8 Januari 1999 alijeruhiwa kichwani alipokwenda kupanda miti katika Msitu wa Karura, ambao sehemu zake zilikuwa zimegawiwa wanyakuzi wa ardhi. Mwezi wa Agosti mwaka huo Rais alipiga marufuku ugawaji wa ardhi ya umma.

Lakini marufuku ya mdomo haina mizizi. Mwaka wa 2001 serikali iyo hiyo ilitangaza nia ya kuondoa kiasi cha hekta 67,000 katika misitu ya taifa. Iliwezaje? Sheria ya Misitu ya wakati huo, iliyotoka enzi za mkoloni, ilimpa waziri uwezo wa kubadilisha mipaka ya msitu kwa tangazo katika Gazeti Rasmi na kungoja siku 28. Sahihi moja, ukurasa mmoja, siku 28. Wangari Maathai alikamatwa tena mwaka huo, akikusanya sahihi za wananchi waliopinga.

Hapo ndipo penye fundisho. Mtu anaweza kuzuia jumba moja kwa barua, na msitu mmoja kwa damu yake. Lakini hawezi kuumwa kichwani kwa kila msitu. Ipo siku lazima mtu aingie pale sheria inapoandikwa. Wahenga walisema mti hauendi ila kwa nyenzo, na nyenzo ya taifa ni sheria.

Uchaguzi wa Desemba 2002 ukafika. Watu wa Tetu walimchagua kwa tiketi ya muungano wa NARC, akapata takriban asilimia 98 ya kura. Januari 2003 akateuliwa kuwa Waziri Msaidizi katika wizara ya mazingira. Jumba lile lile lililomcheka likamfungulia mlango, na bawabu akasimama kwa heshima.

ALICHOKIPATA NDANI

Kwanza niseme asichokipata. Hakuwahi kuwa waziri kamili. Hata baada ya kutangazwa mshindi wa Tuzo ya Amani ya Nobel mwezi wa Oktoba 2004, mwanamke wa kwanza wa Kiafrika kuipata, dunia yote ikiimba jina lake, hapa nyumbani hakupandishwa kuwa waziri. Waziri Msaidizi wa Katiba ile ya zamani alikuwa na bendera ndogo na kauli ndogo. Alijibu maswali ya wabunge kwa niaba ya wizara, na alifungwa na uamuzi wa serikali hata pale ambapo moyo wake ulielekea kwingine. Mwanaharakati akiingia serikalini huzoea sauti mpya: jana alikuwa akiuliza, leo anaulizwa.

Pamoja na hayo, Bunge hilo lilipitisha Sheria ya Misitu ya mwaka wa 2005, iliyoanza kutumika mwaka wa 2007. Angalieni ilibadilisha nini. Kazi ya kubadilisha mipaka ya msitu iliondolewa mikononi mwa waziri peke yake, ikahitaji idhini ya Bunge. Idara ya zamani ya misitu ilivunjwa, pakaundwa Shirika la Huduma za Misitu. Na watu wanaoishi kando ya msitu walitambuliwa kisheria kwa mara ya kwanza kuwa wanaweza kuunda vyama vyao na kushiriki katika usimamizi. Sheria hiyo nayo ilifuatwa na nyingine ya mwaka wa 2016, lakini msingi ni ule.

Msidhani sheria ikipita imekwisha kulindika. Mwaka wa 2021 uliletwa Bungeni mswada wa kutaka kuondoa kizuizi cha Shirika la Misitu katika kuchuja maombi ya kubadilisha mipaka. Ukuta aliojenga mmoja, mwingine huja na nyundo. Kwa hiyo kazi ya mbunge mwema nusu yake ni kujenga na nusu yake ni kukesha.

Na yale maneno ya Mahakama Kuu ya 1989, kwamba hakudhurika kupita wengine? Katiba ya mwaka wa 2010, Kifungu cha 42, inampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya. Kifungu cha 70 kinasema kwamba anayekwenda mahakamani kuitetea haki hiyo halazimiki kuonyesha kwamba yeye au mtu mwingine yeyote amepata hasara. Na Kifungu cha 69 kinaiagiza Serikali ifikishe na kudumisha miti katika angalau asilimia 10 ya ardhi ya nchi. Mlango ambao hakimu alimfungia mwanamke mmoja ulifunguliwa kwa ajili ya taifa zima. Wakati ule hakuwa tena mbunge, lakini nyayo zake zinaonekana kizingitini.

MOTO WA JIKONI NA WAYA WA STIMA

Sasa nije kwenye kawi, jambo ambalo wengi hudhani liko mbali na miti. Haliko mbali hata hatua moja.

Mto Tana huanzia katika milima ya Kenya na Nyandarua. Tetu yenyewe iko miguuni pa Nyandarua. Maji hayo ndiyo yanayoyajaza mabwawa ya Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere, na kwa miaka mingi umeme wa taifa hili ulitoka hasa huko. Msitu ukikatwa juu, udongo huteremka na mvua mpaka bwawani. Ukame wa mwaka wa 1999 hadi 2000 ulipofika, mabwawa yalishuka, umeme ukagawanywa kwa zamu, viwanda vikasimama na wafanyakazi wakarudishwa nyumbani. Yule mama aliyekuwa akipigwa Karura mwaka wa 1999 alikuwa akizungumzia jambo hilo hilo, ila waliompiga hawakuona uhusiano kati ya mche na taa.

Mwaka wa 2004 serikali ilitoa Waraka Nambari 4 juu ya sera ya kawi. Waraka huo ulikiri jambo ambalo kila mama analijua bila ya kusoma: kuni, makaa na vitu vya namna hiyo vilikuwa vikitoa takriban asilimia 68 ya kawi yote iliyotumika nchini, hali umeme ulitoa takriban asilimia 9. Miaka miwili baadaye Bunge likapitisha Sheria ya Kawi ya 2006, ikaunda tume ya kudhibiti kawi na mamlaka ya kupeleka umeme mashambani. Ilikuwa sheria yenye manufaa. Lakini ihesabuni kurasa zake, mtaona kwamba nyingi zilihusu umeme na mafuta ya petroli. Kuni, zinazopika ugali wa taifa, zilipewa pembe ndogo.

Kwa nini? Kwa sababu kuni hazina kampuni kubwa wala wakala wa kungoja wabunge kwenye hoteli. Zina mgongo wa mwanamke. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, na mwenye gesi jikoni humsahau mwenye mafiga matatu. Mzigo wa kuni hauna mita, kwa hiyo haukuhesabiwa katika bajeti.

Hapo ndipo nadhani Wangari Maathai alikuwa na elimu ambayo Bunge halikuwa nayo. Harakati yake haikuanzia kwenye nadharia ya tabianchi. Ilianza kwa kuwasikiliza wanawake wa mashambani waliosema kuni zimekuwa mbali, maji yamepungua, na watoto wanakula vyakula visivyo na nguvu kwa sababu vinaiva upesi. Yeye akawaambia: basi tupande miti. Hiyo ilikuwa sera ya kawi kabla ya Wizara ya Kawi kuandika waraka wake.

Tazameni pia habari ya makaa. Kabla ya kanuni za makaa za mwaka wa 2009, mama wa mjini aliruhusiwa kununua makaa na kuyapikia bila ya hofu, lakini aliyeyachoma na aliyeyabeba walikuwa mawindo ya kila kizuizi cha polisi barabarani. Sheria iliyohalalisha chakula na kuharamisha moto wake ilinenepesha nani? Ilimnenepesha mpokea rushwa. Msitu haukupona na mchomaji hakutajirika. Mswada mmoja mwema wa kuwapa wakulima faida kwa kupanda miti ya makaa katika mashamba yao ungefanya kazi kuliko vizuizi mia.

SWALI LA WENYE MASHAMBA MSITUNI

Nilisema sitamfanya malaika. Lipo suala la mfumo wa shamba, na hapa nawaomba wazee wa Nyeri, Nyandarua na Bonde la Ufa wanisikilize kwa subira.

Kwa mfumo huo mwananchi asiye na ardhi hupewa kipande ndani ya msitu wa serikali, hulima mahindi na viazi, na papo hapo huitunza miche mpaka inapokua. Profesa Maathai aliupinga kwa nguvu, ndani na nje ya Bunge. Alisema kwamba mfumo huo hugeuza msitu kuwa konde. Kwamba miti inayopandwa ni ya kigeni, ya kukatwa mbao, isiyoshika maji wala kuhifadhi viumbe kama msitu wa asili. Na kwamba miche hukatwa makusudi ili mkulima asihame. Serikali ya NARC ikawaondoa wakulima misituni.

Sayansi yake sina neno nayo. Lakini wale waliondolewa walikwenda wapi? Wengi wao walikuwa maskini wale wale waliokuwa wamesimama naye. Mnyakuzi wa Karura alikuwa na hati, wakili na gari. Mkulima wa msituni alikuwa na jembe na watoto. Wote wawili wakaambiwa: ondokeni. Je, haki iliwapima kwa mizani moja? Ripoti ya Tume ya Ndung'u ya mwaka wa 2004 ilitaja jinsi ardhi ya umma ilivyogawiwa wakubwa kinyume cha sheria, na wengi wa wakubwa hao bado wanalala juu yake usingizi mtamu.

Mwaka wa 2022 serikali mpya ilipotangaza nia ya kuurudisha mfumo huo, mjadala ule ule ulizuka, kwa hoja zile zile. Hiyo ni dalili kwamba Bunge halikuwahi kuumaliza. Lilichagua upande mmoja wa swali na kuuacha wa pili. Upande wa kwanza unasema: tulinde msitu. Upande wa pili unasema: asiye na ardhi ale wapi? Mbunge anayejibu mmoja tu amejibu nusu. Nalisema hili kwa heshima kwa marehemu, maana yeye mwenyewe alitufundisha kwamba kuuliza si utovu wa adabu.

KITI KINAPOTEA

Mwaka wa 2007 watu wa Tetu hawakumrudisha Bungeni. Mwezi wa Novemba alishindwa katika mchujo wa chama cha PNU, akagombea kwa tiketi ya chama chake kidogo cha Mazingira, na mwezi wa Desemba akashindwa. Mtu aliyepata takriban asilimia 98, aliyepewa tuzo kubwa kuliko zote duniani, alikatwa baada ya muhula mmoja.

Wageni walishangaa. Sisi tusishangae, tujiulize. Wako waliosema alisafiri mno na hakuonekana nyumbani. Huenda wana haki. Mbunge ni wa watu wake kwanza. Lakini tukumbuke pia kwamba tangu fedha za maendeleo ya maeneo ya bunge zilipoanzishwa mwaka wa 2003, mizani ya kumpima mbunge iligeuka. Tulianza kumhesabia karo, madarasa, daraja na harambee, na tukaacha kuuliza alisema nini Bungeni, alipiga kura upande gani, alirekebisha kifungu gani. Mbunge amekuwa mlipaji, na mlipaji hahitaji kujua sheria. Basi tusilalamike tunapopata Bunge la walipaji.

Profesa Maathai alifariki Nairobi tarehe 25 Septemba 2011. Alikuwa ameusia asizikwe katika jeneza la mbao, na jeneza lake likatengenezwa kwa mianzi, mafunjo na magugu-maji. Mazishi ya kitaifa yalifanyika katika Bustani ya Uhuru, mahali ambapo pangekuwa na ghorofa 60.

TUULIZE NINI

Ndugu wananchi, kazi ile haikuisha naye. Mradi wa kuzalisha umeme kwa makaa ya mawe huko Lamu, wa megawati 1,050, ulipewa leseni ya mazingira mwaka wa 2016. Watu wa Lamu, wavuvi na wazee wa mji ule wa kale, walikwenda mbele ya Baraza la Kitaifa la Rufaa za Mazingira, na mwezi wa Juni 2019 leseni ikafutwa kwa sababu, pamoja na nyingine, wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Mvuvi hakuulizwa kama yeye binafsi amedhurika kupita wengine. Huo ndio urithi wa mageuzi.

Wala msidhani kawi safi haina dhuluma. Mitambo ya upepo ya Ziwa Turkana iliunganishwa na gridi ya taifa mwaka wa 2018, na ni jambo la kujivunia. Lakini mwaka wa 2021 mahakama ya mazingira na ardhi ya Meru iliamua kwamba hati za ardhi ile zilipatikana kinyume cha sheria. Upepo ni safi. Karatasi zilikuwa na matope. Mvuke wa Olkaria, ambao mtambo wake wa kwanza ulianza mwaka wa 1981, nao una majirani wafugaji wenye haki ya kuulizwa.

Basi anapokuja mgombea mlangoni kwako, kabla hujapokea kilo ya sukari, muulize maneno matatu. La kwanza: msitu, mto au malisho ya eneo letu mipaka yake iko wapi, na utapiga kura gani likija ombi la kuibadilisha? La pili: mama anayepika kwa kuni utamfanyia nini, kwa sheria gani, kwa fedha kutoka fungu lipi la bajeti? La tatu: mradi mkubwa ukija na mkopo, utataka mkataba uwekwe mezani pa Bunge usomwe, au utasaini hudhuria na kuondoka?

Asiyeweza kujibu, mshukuru kwa kukutembelea, umsindikize mpaka barabarani.

Bunge lililocheka mwaka wa 1989 lilicheka kwa sababu lilijua hakuna wa kuliuliza. Wengi wa waliocheka siku ile majina yao yamesahaulika, na bustani bado ipo. Lakini usipoziba ufa utajenga ukuta, na nyufa ziko nyingi. Mti huchukua miaka 20 kukua. Muhula wa Bunge ni miaka 5. Kwa hiyo mbunge hawezi kuachiwa mti peke yake. Ni wetu sisi, tunaobaki hapa uchaguzi ukiisha.